Meza Iliyokwenda Korongoni

Asubuhi ya makabidhiano mkunga alikuwa amepiga magoti katika ukumbi wa mtaa, akiifuta meza mpya vumbi la msasa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Fundi seremala, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa upande wa pili akigongagonga kabari ya mwisho. Mdomoni alibana misumari, ingawa meza ile haikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilichomekwa moja ndani ya nyingine zikashikana zenyewe. Misumari aliibana kwa mazoea tu. Bila misumari mdomoni, alisema, hajioni kama yuko kazini.

"Shemeji, miguu ya meza haitazamwi na mtu," fundi alisema pembeni mwa misumari.

"Mimi naitazama."

Alikuwa na haki ya kuitazama. Mbao zile hazikukatwa kwa ajili ya meza, zilikatwa kwa ajili ya daraja. Kati ya mtaa na zahanati kulikuwa na korongo. Wakati wa kiangazi mtu alishuka akapanda upande wa pili, akilalamikia magoti tu. Masika maji yalikuja yamebeba magogo na mbuzi waliokufa, na aliyekuwa huku akabaki huku.

Dada yake mkunga alibaki huku. Uchungu ulimshika korongo likiwa limejaa, wakamlaza juu ya mkeka pale ukingoni wasubiri maji yapungue, madirisha ya zahanati wakiyaona hivi hivi kwa macho. Mkunga, ambaye wakati ule mikono yake ilikuwa bado migeni kwenye kazi, alimtoa mtoto salama. Damu ya dada yake ikakataa kukatika. Mtoto watu walimwita Ng'ambo, kwa sababu ndiko mama yake alikokuwa anatazama mpaka mwisho, na jina likamganda. Mkunga akamlea, akamnyonyesha kwa chupa, akampiga alipostahili, akamsomesha. Ng'ambo hakuwahi kumwita jina lingine ila mama mkubwa.

Tangu mwaka ule mtaa ulikuwa unakusanya mbao. Huyu alitoa mti wa uani kwake, yule akatoa siku za kupasua, mwingine akatoa ng'ombe wa kuburuta magogo. Fundi alizipanga chini ya paa lake zikauke taratibu, akazigeuza kila msimu kama mtu anavyogeuza mgonjwa kitandani. Zilikuwa zinakaribia kutosha ndipo Shirika lilipokuja.

Shirika lilikuwa na habari njema. Huko lilikotoka wakubwa walikuwa wamekaa wakaona aibu: miaka yote wamekuwa wakiwaamulia watu mambo yao. Sasa basi. Sasa madaraka yatarudi kwa wenyeji. Aliyeletwa kuwaeleza hivyo alikuwa Ng'ambo mwenyewe, aliyekuwa ameajiriwa na Shirika kuwa mratibu, shati limenyooshwa, kitambulisho kinaning'inia shingoni.

"Kwanza meza, ndipo daraja," aliwaambia. "Wanataka kuona meza ya maamuzi, iliyotengenezwa na wenyeji wenyewe. Tukishakabidhiwa madaraka, daraja litakuwa la chuma na zege. Mbao za nini tena?"

Kinyozi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake, aliuliza kama ni lazima watu wakae kwanza ndipo wavuke. Watu walimnyamazisha. Aliyesema ni mtoto wao, na mtoto wako hakuuzi. Mbao zikawa meza.

Basi wageni walipofika, wenyeji walifanya kosa ambalo hufanywa na watu waliolelewa vizuri. Waliwapa wageni kichwa cha meza, penye dirisha na feni. Wao wenyewe walikaa mwishoni, karibu na mlango, jua likiwachoma migongo. Mkurugenzi wa Shirika alikataa mara moja, kwa adabu, kisha akakaa. Alikuwa mtu mpole, mwenye jasho jingi, na kila alipopita alisema, "Tupo hapa kusikiliza," hata mtaa mzima ukamwita Bwana Sikiliza. Ng'ambo aliketi ubavuni mwa mama yake mkubwa.

Bwana Sikiliza alisema kuanzia siku ile uamuzi ni wa wenyeji. Watu walipiga makofi. Kisha akamgeukia mkunga, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, amwambie mtaa unataka nini.

"Tunataka daraja," alisema mkunga. "La kupita watu na machela, masika na kiangazi."

Meza ililia kidogo, kama magoti ya mzee anayeinuka, ikarefuka. Mkunga alikuwa ameunyoosha mkono kwenye bakuli la sukari. Mkono ulibaki hewani, bakuli likawa mbali. Muuza chai aliyekuwa akihudumia alizunguka akamsogezea. Bwana Sikiliza alisema, "Tumelipokea," akalirudia kwa sauti kubwa zaidi kidogo, kama umbali ulivyotaka.

Katika vikao vilivyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Wenyeji waliposema wanataka kitu, meza ilirefuka. Walitaka daraja, ikarefuka shubiri. Walitaka dawa zisiishe zahanati, ikarefuka pima nzima, na viti vya wenyeji vikatokea mlangoni. Shirika halikuona shida. Lilileta kitambaa kingine cha meza, kisha robota la kitambaa, kisha mafundi wa kubomoa ukuta kwa uangalifu bila kudhuru paa. Katika taarifa yake liliandika kwamba nafasi ya wenyeji mezani imepanuliwa, na hakuna aliyeweza kusema ni uongo.

Meza ilitoka nje ikafuata barabara. Ilipohitaji mguu iliota mguu. Fundi aliifuata na randa, akiilainisha sehemu mpya, maana ilizaliwa na vibanzi. Mshonaji alisogeza cherehani yake juu yake kwa sababu ilikuwa imara kuliko kibarazani kwake. Wanawake walianika nguo. Muuza chai alinunua baiskeli, na hata hivyo chai ilifika mwishoni imepoa.

Mwenye malalamiko alikuwa kinyozi. Meza ilipita mlangoni kwake, na wateja walilazimika kuinama ili waingie. "Mtu anakuja kunyolewa kichwa," alisema, "anafika ameshakipasua." Yeye ndiye aliyegundua upande wa pili wa mambo. Siku moja Shirika liligawa kofia, na mzee mmoja, aliyekuwa mlinzi zamani, alisimama akashukuru kwa moyo wote. Meza ilirudi nyuma. Mlango wa kinyozi ulifunguka nusu. Tangu hapo, kila kilipokaribia kikao, kinyozi alipita nyumba kwa nyumba akibembeleza: "Shukuruni kidogo, jamani. Kidogo tu, mtu apate riziki." Mtaa mzima ulijua basi: ukidai inakwenda, ukishukuru inarudi. Ng'ambo naye alijua, maana habari hiyo aliicheka nyumbani kwa mama yake mkubwa mpaka machozi yakamtoka.

Kiti cha Ng'ambo kilikuwa na mwendo wake. Katika kikao cha kwanza kilikuwa ubavuni mwa mkunga. Katika cha pili kilikuwa mbele kidogo. "Nasogea ili nifikishe sauti yenu, mama mkubwa," alisema, na mkunga akaona ni busara, maana huko mwishoni kweli walikuwa hawasikiki. Kikao baada ya kikao kiti kilisogea. Meza ilipofika njia panda mkunga alimwona mtoto wake kama unavyomwona mtu upande wa pili wa uwanja: unatambua shati, si uso. Akampungia mkono. Ng'ambo alikuwa anaandika.

Shirika liliwapa wenyeji kipaza sauti. Kilisaidia kiasi. Neno lililosemwa mwanzoni mwa juma lilifika kichwani mwishoni mwa juma, limechoka, limejaa vumbi, na wakati mwingine lilifika watu wameshafunga kikao. Jibu lilirudi likiwa safi kila mara. "Tumelipokea," lilisema.

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya, meza ilifika korongoni. Watu walikuja kutazama itafanyaje. Mkunga alisimama pale pale mkeka ulipokuwa umetandikwa miaka ile, akashika kipaza sauti, akasema wanataka daraja. Meza ikatoka hewani, ikateremsha mguu mrefu mpaka kwenye mwamba, ikateremsha mwingine, na jioni hiyo ukingo wake ukaegemea ardhi upande wa zahanati.

Fundi alitema misumari mkononi. "Mbao hizi zilikatwa kwa ajili ya korongo," alisema. "Zimekwenda kazini, basi." Akachukua randa yake, akavuka, akaanza kulainisha.

Mvua ilipopiga mara ya kwanza na maji yakaja na magogo yake, mkunga alivuka na mjamzito juu ya machela, wabebaji wanne wakikanyaga juu ya kitambaa cha meza kilicholowa. Chini yao korongo lilinguruma. Hakuna aliyetazama chini. Kwenye zahanati mama alijifungua mapacha, damu ikatoka, ikakatika. Mkunga alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akaufunika uso kwa khanga, akalia. Alilia kwa furaha, na kidogo kwa wivu, kwa ajili ya dada yake aliyekuja mapema mno.

Alikuwa nyumbani anachambua mchele siku Ng'ambo alipokuja kwa miguu, gari kaliacha mbali.

"Mama mkubwa, wamenipa ukurugenzi."

Mkunga alipiga vigelegele mpaka jirani wakachungulia. Mkurugenzi wa kwanza kuzaliwa hapa! Alimkumbatia, akamtengea kiti, akamimina chai. Kisha akauliza kama Bwana Sikiliza anakwenda zake.

"Hapana. Atabaki kuwa mshauri. Kiti chake kitakuwa nyuma ya changu, nyuma kidogo tu."

"Haya. Muhimu sasa daraja utatusainia wewe mwenyewe."

Ng'ambo alikoroga chai ambayo hakuitia sukari. "Daraja lipo, mama mkubwa."

"Lipi?"

"Si mnavuka?"

"Tunavuka juu ya meza, Ng'ambo."

"Watu wanavuka au hawavuki? Wapiga picha wamekuja, wameona. Wenyeji wamejijengea daraja kwa mbao zao wenyewe, kwa uamuzi wao wenyewe. Huko juu wamefurahi, hujui tu. Fungu lililotengwa kwa daraja limepelekwa mahali pengine, kwa wenye shida zaidi."

"Nani kaamua?"

"Sisi. Uamuzi si wetu sasa?"

"Sisi nani?"

Ng'ambo alikunywa chai. "Nimesaini kwa niaba yenu."

Mkunga alimtazama mkono. Ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza duniani kuushika mkono ule, ungali na utelezi, pale ukingoni. Ndiye aliyeuosha, akaufundisha kushika kijiko, kisha kalamu. Angekuwa ameuzwa na Bwana Sikiliza, angesonya tu akaendelea na mchele wake. Mgeni hakumwahidi kitu kwa damu. Hili lilimuuma mahali ambapo hapakuwa na dawa.

"Ulizaliwa wapi wewe?"

"Mama mkubwa, usianze."

"Nimekuuliza ulizaliwa wapi."

"Ukingoni."

"Na mama yako yuko wapi?"

Ng'ambo aliweka kikombe chini. "Ningekataa wangemweka mwingine. Angalau mimi ni wa hapa."

"Ndiyo maana inauma," alisema mkunga.

Kuku aliingia akadonoa mchele kwenye ungo na hakuna aliyemfukuza. Mwishowe Ng'ambo alisema lililomleta. Kulikuwa na sherehe ya kumsimika, wageni wakubwa wanakuja, na ingependeza mwenyekiti wa kamati ashukuru kwa niaba ya mtaa. Hotuba si lazima, neno moja lingetosha.

"Unajua meza inafanyaje mtu akishukuru."

"Itarudi kidogo. Mtaisogeza tena."

"Na masika haya?"

"Ni neno tu, mama mkubwa," alisema Ng'ambo, akaondoka bila kumaliza chai.

Siku ya sherehe mkunga alivaa nguo yake nzuri, akatembea kandokando ya meza kutoka korongoni mpaka ukumbini. Alipita cherehani, nguo zilizoanikwa, wazee wanaocheza bao, paka waliolala. Ilimchukua muda. Alipofika kichwani alishangaa jambo moja tu, kwamba feni bado ilikuwa inazunguka vile vile. Wageni walikuwa na maua vifuani. Ng'ambo alikuwa kwenye kiti kikubwa, na nyuma yake, nyuma kidogo tu, Bwana Sikiliza alifuta jasho na kumtabasamia mkunga kwa upendo wa kweli.

Akapewa kipaza sauti. Nje mvua ilikuwa imeanza.

"Tunataka daraja," alisema.

Huko mbali meza ilirefuka, ikagonga ukuta wa zahanati. Ukumbini kulisikika mlio ule kama wa magoti tu. "Tumelipokea," alisema Bwana Sikiliza kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba si kazi yake tena, akamgusa Ng'ambo begani.

Ng'ambo alisimama. Hakumtazama mama yake mkubwa. Alisema yeye ni mtoto wa mtaa huu, amezaliwa hapa, amelelewa hapa kwa tabu, na kama mtoto wa mtaa, kwa niaba ya mtaa, anasema asante.

Meza haikuwa na sababu ya kumkatalia. Alikuwa mtoto wa mtaa kweli. Ilianza kurudi, kwanza polepole, na Ng'ambo, ambaye sauti yake ilikuwa nzuri tangu shuleni, akaendelea. Aliwashukuru wafadhili, akawashukuru wake zao, akashukuru kwa kofia, kwa kipaza sauti, kwa mafunzo, kwa subira yao. Kila asante ilivuta pima. Nguo zilizoanikwa zilipita dirishani zikirudi nyuma, kisha paka, kisha mshonaji akiikimbilia cherehani yake. Wageni walipiga makofi wima. Walisema hawajawahi kuona meza ambayo watu wamekaa karibu hivi.

Kinyozi aliingia akiwa ameloa chapachapa, mkasi bado mkononi. Mke wake alikuwa na mimba kubwa. Mkunga alikuwa amemhesabia juma moja bado.

"Uchungu umemshika," kinyozi alimwambia mkunga. "Tumemfikisha ukingoni na machela. Meza haipo."

Mkunga alimtazama Ng'ambo mara moja, na safari hii Ng'ambo alimtazama pia, naye mkunga akaona kwamba mtoto amesikia. Bwana Sikiliza alimnong'oneza mkurugenzi mpya sikioni kwamba keki inasubiri kukatwa. Mkurugenzi mpya akaenda kukata keki.

Mwisho wa meza waliukuta karibu na njia panda. Mkunga aliuwekea kiganja, akasema, "Tunataka daraja." Ikarefuka upana wa mkono. Akarudia, upana wa mkono. Alikuwa mmoja, na safari ilikuwa ndefu.

"Semeni!" aliwaambia waliokuwa wamemfuata. "Kila mtu aseme chake!"

Wakasema. Mshonaji alitaka taa barabarani. Mzee mlinzi, aliyekuwa amevaa kofia ya Shirika, aliivua, akataka dawa ya macho aliyoahidiwa zamani mpaka macho yenyewe yakachoka kusubiri. Fundi alitaka mbao zake. Muuza chai alitaka maji ya bomba yasiyonuka. Watu walitoka majumbani na madai ambayo walikuwa wameyaweka kama nguo za marehemu, hayavaliwi wala hayatupwi, wakayaleta mezani. Meza ikaenda. Ikapita mlango wa kinyozi, ikauziba kabisa, na kinyozi ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Alidai daraja, akadai daktari, akadai gari la wagonjwa, akadai shule ya pili, na alipoishiwa mambo ya maana akadai uwanja wa ndege. "Twende!" aliiambia meza, akiipigapiga ubavuni kama ng'ombe. "Twende, mama, twende!"

Pale ukingoni mke wake alikuwa amelala kwenye machela, kafunikwa turubai, anatazama ng'ambo. Mkunga aliyatambua macho yale, akazidisha sauti. Meza ilitoka juu ya maji, ikagusa upande wa pili, na machela ikapita ukingo wa meza ukiwa bado unasogea.

Mtoto alikuwa wa kike. Mama naye alikuwa mzima. Kinyozi alisema angemwita Uwanja, mkewe akakataa.

Baada ya hapo mtaa ulijipangia zamu. Siku zote za masika lazima awepo mtu mwishoni mwa meza, upande wa zahanati, anayedai, kwa sababu huko kichwani Ng'ambo hushukuru karibu kila siku, wageni ni wengi, na mtaa ukinyamaza kidogo tu ukingo huteleza. Wafanyakazi hudai alfajiri kabla ya kwenda kazini. Wenye wagonjwa hudai wakisubiri. Wazee hudai mchana, na baadhi yao wamekuwa hodari sana. Hakuna anayetazamia kusikilizwa. Kinyozi hata anasema Mungu apishe mbali. Siku wakijibiwa, nani atavuka? Amehamishia kiti chake cha kunyolea chini ya meza, na kivuli anakisifu.

Shirika limeridhika. Taarifa zinasema hakuna mahali pengine wenyeji wanashiriki mezani kwa wingi namna hii, tena bila kulazimishwa. Wageni huletwa kutoka mbali kujifunza. Ng'ambo alituma kibao cha shaba kilichoandikwa DARAJA LA WENYEJI, fundi akigongee. Fundi alikigeuzageuza, akatoa misumari mdomoni, akaitazama, akairudisha. Alisema meza hii haina msumari na haitakuwa nao. Kibao kikabandikwa kwa gundi na mtu mwingine.

Zamu ya mkunga ni adhuhuri. Huvuka na kiti chake, hukaa mbele ya ukingo wa meza, na kwa kawaida husema neno lake la siku zote. Siku moja, mvua ikiwa imepumzika, alikivuta kipaza sauti karibu na hakudai kitu.

"Ng'ambo, mwanangu," alisema. "Mama yako alifia ukingo ule wa pili. Nilikuwa nimeushika mkono wake huku nimekushika wewe kwa mkono mwingine. Nilimwambia nitakufikisha."

Akangoja. Juu ya meza alipita mchukuzi na gunia la mkaa, akamwamkia. Akapita msichana na mtoto mchanga mgongoni, naye akamwamkia. Aliwaitikia wote wawili.

Meza ililia kama magoti ya mzee, ikarefuka upana wa mkono.

Mkunga akainuka, akasogeza kiti nyuma, akaipisha.